Jinsi ya kuwa shabiki wa Green Bay Packers: kofia ya jibini, baridi ya Lambeau na timu isiyo na maskoti

Wadau habari zenu. Huku Wisconsin tuko Waswahili wa kutosha saivi, ndugu zetu wa Kongo wamejaa Appleton na Oshkosh, Milwaukee nako usiseme, na kila msimu wa futiboli ya Kimarekani ukianza mwezi wa 9 maswali ni yale yale: hawa watu kwanini wanavaa jibini kichwani, mi nikipata tiketi nivae nini, nikae wapi, nishangilie saa ngapi. Naipenda hii timu mnoo, kwahiyo ntaeleza yote ninayoyajua kuanzia kofia mpaka soksi, na wale mlioko Dar, Nairobi, Goma au Muscat mnaofuatilia kwa simu usiku nanyi nimewawekea yenu huko mwisho.

Kwanza ijue timu yenyewe

Usivae kitu kabla hujajua unavalia nini. Packers ilianzishwa 1919 na Curly Lambeau akiwa na mwandishi wa gazeti George Calhoun. Lambeau alikuwa anafanya kazi kwenye kampuni ya kufungasha nyama, Indian Packing Company, akawaomba hela ya jezi, wakampa dola 500 kwa masharti kwamba timu ibebe jina la kampuni. Ndo likatokea jina Packers, yaani wafungashaji. Kampuni imeshakufa zamani lakini jina limebaki zaidi ya miaka 100.

Alafu hapa ndipo penyewe. Timu haina tajiri. Tangu 1923 inamilikiwa na wananchi wa kawaida walionunua hisa, wako zaidi ya 530,000 saivi, na hizo hisa hazikupi gawio, huwezi kuziuza kwa faida, ukizinunua umeitolea timu basi. Unachopata ni cheti cha kuning'iniza ukutani na haki ya kupiga kura kwenye mkutano wa mwaka unaofanyika hapo hapo uwanjani kwao, Lambeau, mwezi wa 7. Mara ya mwisho kuuzwa ilikuwa 2021 kuingia 2022, hisa moja dola 300. Mji wenyewe wa Green Bay una watu laki moja na kidogo tu, hakuna mji mdogo kama huo wenye timu NFL, yaani ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, na bado wana ubingwa mara 13, hakuna timu yenye mwingi kuliko wao. Nayasema haya mapema kwasababu ukimuona babu wa miaka 80 amekaa kwenye barafu na jibini kichwani, elewa kwamba huyo sio mteja, yule ni mwenye timu.

Maskoti hakuna, usimtafute

Wageni wengi wakifika na watoto wanauliza yule mnyama wa timu yuko wapi tupige nae picha. Hayupo. Timu nyingi za NFL zina mtu anaevaa suti kubwa ya manyoya anacheza pembeni ya uwanja, Detroit Lions wana simba anaitwa Roary, Minnesota Vikings wana Viktor mwenye nywele za njano na masharubu, Chicago Bears wana dubu anaitwa Staley. Packers hawana mtu wa hivyo kabisa.

Huyo Staley ana stori nzuri, maana Bears ndio wapinzani wetu wakubwa tangu 1921. Jina lake limetoka kwa A. E. Staley, mwenye kiwanda cha wanga cha Decatur, Illinois, kiwanda ambacho ndicho kilichoanzisha timu iliyokuja kuwa Bears. Kwahiyo upinzani wote huu mnaouona wa kelele na matusi umetoka kwenye timu mbili za viwanda vya chakula, huku nyama ya makopo, kule wanga. Wao wakamgeuza mwenye kiwanda akawa dubu, sisi tukabaki na watu wetu na kofia zao. Na kwa maoni yangu sisi ndo tuliopatia, kamera ya TV ikitaka kuonyesha Packers haimtafuti mtu wa kuajiriwa ndani ya suti, inageukia jukwaani.

Ukisafiri na timu ukakutana na maskoti wa wenzetu, msalimie vizuri. Mwambie mtoto asimvamie kwa nyuma wala asimvute mkia, mtu akiwa ndani ya kile kichwa haoni pembeni na joto lake sio la mchezo, nenda mbele yake umpungie mkono atakuja mwenyewe.

Kofia ya jibini imetoka wapi

Wisconsin ni jimbo la ng'ombe wa maziwa, jibini ndio biashara ya watu. Jirani zao wa Illinois walikuwa wanawatukana kwa hilo, wanawaita vichwa vya jibini, maana yake washamba wa kukamua ng'ombe. Mwaka 1987 kijana mmoja wa Milwaukee, Ralph Bruno, nyumbani kwao mama yake alikuwa anarekebisha makochi, sponji iko nje, yeye akaikata pembe tatu, akaweka matundu, akapaka rangi ya njano, akaivaa kwenda nayo kwenye mechi ya besiboli, Brewers wa Milwaukee wanacheza na White Sox wa Chicago. Zingatia hapo, ilianza kwenye besiboli sio futiboli, na ilikuwa jibu kwa watu wa Chicago: mnatuita vichwa vya jibini, haya ndio hiki hapa. Ni kama vile shabiki wa Yanga aliechoka kuitwa Utopolo aamue kuliandika mwenyewe kifuani atembee nalo mjini, tusi linaisha nguvu siku hiyo hiyo.

Watu wakaitaka, Bruno akafungua kampuni ya kuzitengeneza inaitwa Foamation, pale pale jirani na Milwaukee, na miaka ya 90 Packers walivyorudi kuwa wakubwa, wakabeba Super Bowl, yaani fainali ya NFL, ya Januari 1997, kofia ikawa alama ya jimbo zima. 2023 timu ikainunua kampuni yote, kwahiyo saivi Cheesehead ni mali ya Packers, na kwa vile Packers ni mali ya mashabiki, kofia nayo imerudi kwa wenyewe.

Kununua au kutengeneza

Kununua ni rahisi, ingia Packers Pro Shop hapo uwanjani au kwenye tovuti yao, chukua ile ya pembe tatu ya kawaida. Ziko za kofia ya kauboi, za tai ya shingoni, mpaka hereni zipo, ila kama ni ya kwanza chukua pembe tatu usihangaike. Ile ya dukani imemwagwa kwenye kalibu kwahiyo ina ngozi ya nje nyororo, mvua haiingii, na inakaa miaka.

Ila mi nakushauri utengeneze, hasa kama una watoto, kwasababu ndivyo ilivyoanza. Unahitaji sponji ya kochi au godoro lililochakaa, nene sentimita 12 hivi, na iwe ngumu ngumu, ile laini ya kubonyea itakuangukia machoni. Chora pembe tatu kwa kalamu ya wino mzito, upande wa nyuma uwe sentimita 30 na ile miwili inayokutana mbele iwe 38 mpaka 40, kichwa kidogo punguza. Kisu kinachokata vizuri ni kile cha meno cha mkate, kata taratibu kwa kuvuta kwenda na kurudi bila kukandamiza, ukikandamiza sponji inajikunja na ukiachia unakuta ukuta umepinda.

Sasa shimo la kichwa, hapa ndo watu wanaharibu. Kabla hujapima vaa kwanza kofia yako ya sufu, kisha zungusha uzi juu ya hiyo kofia, maana mwezi wa 12 utavaa zote mbili kwa pamoja, ya sufu chini jibini juu, na jibini lililopimwa kwenye kichwa kitupu halitaingia. Geuza sponji, chora duara la yai kwa ule uzi karibu na upande mnene wa nyuma, sio katikati, ile ncha itokeze mbele juu ya uso kama kapelo. Chimba kina cha sentimita 6 au 7, usitoboe mpaka juu. Anza na shimo dogo, vaa, ongeza, vaa tena. Ikiwa inabana kidogo ndo vizuri, upepo wa pale uwanjani haujui utani.

Matundu ya jibini yakate kwa mkasi uliopinda au kwa kikopo cha bati chenye makali, zungusha ukibonyeza. Yafanye ya saizi tofauti, mengine yakatike pembeni nusu nusu, yakilingana yote yanakuwa kama chujio tu halifanani na jibini. Kuna watu wanayachoma kwa chuma cha moto, tafadhali usifanye, moshi wa sponji ni sumu na sponji inashika moto haraka kuliko unavyofikiria.

Rangi tumia ya maji, njano changanya na tone la chungwa ili isiwe njano ya ndizi. Ongeza gundi nyeupe ya watoto wa shule ndani ya rangi ile, kama robo hivi, ikikauka inakuwa na ngozi inayonyumbulika. Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa ngumu, siku ya kwanza ukiikunja inapasuka inaanza kumwaga maganda mabegani mwa watu. Paka mara mbili, iache ikauke siku nzima sehemu yenye hewa. Na ya nyumbani usiende nayo kwenye mvua, sponji inanyonya maji, baridi ikishuka chini ya sifuri unakuwa umebeba tofali la barafu kichwani. Mvua ikitabiriwa vaa ya dukani.

Tengeneza ya kwako na ya watoto, ila usianze kuuza mtaani kwa jina la Cheesehead, jina hilo limesajiliwa na wenyewe wanalilinda.

Adabu ya kuivaa

Wimbo wa taifa ukianza kofia inavuliwa, hata jibini, unaiweka kifuani au unaishika pembeni. Watu watakuangalia vibaya kama hujavua.

Mchezo ukianza muangalie alieko nyuma yako. Pale wakati wa hatari karibu kila mtu anasimama kwahiyo haina shida, ila watu wakikaa we na pembe tatu yako unamziba mtoto wa watu, iweke mapajani au igeuze. Pia usiishike ncha ya kofia ya mtu usiemjua ukaizungusha, naona wageni wanafanya hivo kwa utani, ile ni kofia ya mtu na pengine ameirithi.

Kuna mashabiki wa Bears na Vikings wanakuja na kofia ya sponji yenye umbo la ile greta ya jikoni ya kukwangulia karoti na jibini, ili wakutishe kwamba leo mtakwanguliwa. Cheka nao, piga nao picha. Green Bay wageni wanapokelewa vizuri sana, utakuta shabiki wa Packers anampa soseji mtu aliekuja na jezi ya adui, na mimi nataka iendelee hivyo hivyo.

Kofia ambayo hutakiwi kuivaa kokote ni ile ya manyoya ya tai ya Wahindi Wekundu. Kansas City Chiefs walipiga marufuku mashabiki kuingia nazo kwenye uwanja wao tangu 2020, na kuna sababu, lile ni vazi la heshima la watu walio hai, sio la kuchezea. Huku kwetu kabila la Waoneida wana ardhi yao hapo hapo kando ya Green Bay, ni majirani, tuwape heshima yao.

Siku ya mechi

Fika mapema. Sehemu za kupaki zinafunguliwa masaa manne kabla ya mechi na hapo ndipo sherehe ilipo, wanaita telgeti, mtu anafungua nyuma ya gari, anatoa jiko la mkaa au la gesi, viti, meza, muziki. Uwanja wa Lambeau uko katikati ya nyumba za watu, na wenye nyumba wanapakisha magari kwenye majani ya uwani kwao kwa malipo, mi napenda zaidi huko kuliko paki kubwa kwasababu mama mwenye nyumba anaweza kukukaribisha uani mle pamoja. Ukifika sema habari, jitambulishe, toa hela yako, uliza gari liangalie wapi ili usije kumfungia mwenzako.

Chakula cha pale ni brati, soseji nono za Kijerumani zinachemshwa kwenye bia na vitunguu kisha zinamaliziwa kwenye mkaa. Kawaida ni nyama ya nguruwe, kwahiyo wale tusiokula tuulize kwanza, za ng'ombe na za kuku zinauzwa kwenye supamaketi zote, nunua zako, chemsha kwa maji na vitunguu, njoo nazo, na omba kona yako ya jiko iliyosuguliwa au beba jiko lako dogo. Hakuna atakaekushangaa. Mishikaki nayo ukiileta utajikuta na foleni. Alafu lazima uonje vipande vya jibini changa, vile vya leo leo, ukivitafuna vinalia kwenye meno, kwik kwik, visipolia ujue vimelala.

Pombe ni nyingi nisiwafiche, ila hakuna anaekulazimisha, shika chupa yako ya soda maisha yaende. Na anaeendesha asinywe, polisi wako kila kona.

Kuingia getini begi liwe la plastiki inayoonyesha ndani, lisizidi sentimita 30 kwa 30 na unene wa 15, sheria hiyo ni ya NFL nzima tangu 2013. Mkoba wa kawaida wa mama utarudishwa kwenye gari. Kofia ya jibini inapita bila shida, wanaikagua tu ndani ya shimo.

Baridi

Mwezi wa 9 unaweza kuvaa fulana. Mwezi wa 12 na wa kwanza ni kitu kingine. Tarehe 31 Desemba 1967 walicheza fainali ya ligi na Dallas Cowboys nyuzi zikiwa kama 25 chini ya sifuri kwa selsiasi, mitambo ya kupasha joto chini ya nyasi ikashindwa, filimbi za marefa zikaganda, na watu 50,000 wakakaa mpaka mwisho, Packers wakashinda 21 kwa 17, kwotabeki wao (anaeongoza mashambulizi) Bart Starr akijipenyeza na mpira mwenyewe sekunde za mwisho. Hiyo ndo Ice Bowl, kila mzee wa Green Bay atakuambia alikuwepo.

We ukienda kwenye baridi ya hivyo fanya hivi. Nguo ya kwanza inayogusa mwili isiwe pamba, pamba ikishika jasho inabaki na maji inakugandisha, vaa ya sufu au zile za michezo. Juu yake sweta, juu yake koti la kuzuia upepo, suruali mbili, soksi za sufu na kiatu kilicholegea kidogo, kikibana damu haishuki. Kisha beba vipande viwili vya boksi la karatasi ngumu. Kimoja unakalia, maana viti vya pale sehemu kubwa ni mabenchi marefu ya chuma, kingine weka chini ya miguu. Watu wanavaa makoti ya dola mia tatu alafu nyayo ziko juu ya zege tupu, baridi yote inapandia hapo. Vile vipakiti vya moto vya kuweka mkononi weka viwili kwenye glavu na viwili juu ya vidole vya miguu, vifungue robo saa kabla maana vinachelewa kupata moto.

Jezi vaa JUU ya koti, nunua saizi mbili zaidi. Ndo maana unawaona watu wamejaa kama magunia ila rangi ya kijani na dhahabu bado inaonekana.

Kelele zina muda wake

Hapa tuliokulia kwenye soka lazima tujifunze upya. Kwenye soka unaimba dakika 90. Huku timu YETU ikiwa na mpira tunanyamaza, kabisa, kwasababu kwotabeki anaita maneno ya mpango na wenzake lazima wamsikie. Adui akiwa na mpira ndo unapiga kelele mpaka koo likauke, ili wasisikilizane wakosee. Timu inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, na jaribio la tatu la adui ndo kilele, kila mtu anasimama, hapo piga bati, piga mluzi, piga benchi kwa mguu. Ukipiga kelele wakati Packers wanashambulia jirani yako atakugusa bega kwa upole, usichukie.

Wimbo wa kushangilia ni maneno matatu tu, "Go Pack Go", hata mtoto wa miaka miwili anaweza.

Packers wakifunga tachidauni, yaani wakifikisha mpira eneo la mwisho, angalia ukuta wa nyuma ya eneo la kufungia. Mchezaji anakimbia anaruka anatua jukwaani mikononi mwa mashabiki, wanaita Lambeau Leap. Alieanzisha ni beki LeRoy Butler tarehe 26 Desemba 1993 dhidi ya Raiders, mwenzake Reggie White aliokota mpira akamtupia Butler akakimbia nao mpaka mwisho, na furaha ikamrusha ukutani. NFL ilivyokuja kubana sherehe za wachezaji mwaka 2000, hii waliiacha. Ukipata siti ya mbele pale jua una kazi: weka simu mfukoni, nyoosha mikono, mshike kwenye mabega na chini ya kwapa umuinue, mpige piga kofia ya chuma kisha umuachie ashuke. Usimng'ang'anie, usimvue chochote. Na mchezaji wa adui akijaribu kurukia kwako, hashikwi, anasukumwa arudi chini.

Watoto na baiskeli

Kama tiketi za msimu ni ngumu, nenda mwishoni mwa mwezi wa 7 mpaka wa 8 kwenye mazoezi, hiki ndo kitu nakipenda kuliko vyote. Watoto wanapanga baiskeli zao nje ya uwanja, mchezaji anatoka na viatu vya njumu, anachagua mtoto, anaomba baiskeli yake, anaiendesha mpaka uwanja wa mazoezi ng'ambo ya barabara. Utaratibu huu upo tangu enzi za kocha Vince Lombardi. Utaona jitu la kilo 140 limekaa kwenye baiskeli ya pinki magoti yanagonga usukani, na mtoto wa miaka saba anakimbia pembeni amekumbatia helmeti ya lile jitu, imemfunika kifua chote, anaangalia mbele asijikwae. Wako wanaorudia kwa mtoto yule yule siku zote za mazoezi.

Ukimpeleka wako, fika asubuhi mapema, jaza upepo matairi, pandisha siti juu kadiri inavyoweza, hakikisha breki zinakamata. Mfundishe mtoto jina la mchezaji mmoja asie maarufu, wale vijana wapya wanafurahi sana kuitwa kwa jina.

Tiketi

Viti vya msimu vimejaa tangu 1960 na orodha ya wanaosubiri imepita majina 140,000, watu wanaandikisha mtoto akizaliwa tu. Mwandikishe wako, ni bure kuwa na matumaini. Kwa mechi moja unanunua kwa mtu anaeuza yake, kupitia njia rasmi ya timu, zote ziko kwenye simu saivi, kwahiyo anaekuuzia karatasi barabarani achana nae. Mechi za kirafiki za mwezi wa 8 ndo bei nafuu na hali ya hewa nzuri kwa mtoto mdogo. Kitu kingine, mpaka 1994 Packers walikuwa wanacheza baadhi ya mechi Milwaukee, na wale wenye tiketi za kule bado wanatunziwa mechi zao chache kila msimu, wanaita Gold, kwahiyo kama unaishi Milwaukee uliza kazini, kuna wazee wanauza za siku wasizoweza kusafiri.

Mlioko mbali

Mechi nyingi za Jumapili zinaanza saa 6 mchana ya huku. Dar na Nairobi hiyo ni saa 2 usiku mpaka mwanzoni mwa Novemba, saa za huku zikibadilishwa inakuwa saa 3 usiku. Za alasiri zinakuja kwenye saa 5 na dakika 25 usiku, baadae saa 6 na 25. Ile ya usiku ya huku kwenu inaanza saa 9 na dakika 20 usiku, na kipindi cha baridi saa 10 na 20 alfajiri. Goma, Bukavu, Lubumbashi, Kigali na Bujumbura toeni saa moja, Muscat ongezeni moja. Ile ya saa 2 usiku iangalieni wote na watoto wakiwa macho, ya saa 9 mi nakushauri lala saa 3, weka alamu, ukiamka kofia iwe tayari juu ya TV, na sauti punguza kwa ajili ya majirani, hata jaribio la tatu.